Mume Wangu na Presha ya Kushuka

Jumamosi, jioni. Magomeni, Kilosa.

Mvua imekatika muda si mrefu. Uani matope yananata kwenye kandambili, vyura wameshaanza kelele zao, na mimi nimejilaza kitandani na simu yangu, mgongo unauma kwa safari lakini moyo mweupe pe.

Sijaandika hapa muda mrefu. Wengine mmenitumia ujumbe kuuliza kama niko salama. Niko salama. Nilikuwa naogopa tu, na mimi nikiogopa mdomo unafunga. Wanaonijua wanajua kwamba mdomo wangu kufunga si jambo dogo.

Leo umefunguka.

Kwa aliyeingia hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani, Msukuma wa kuja, wazazi wangu walishuka huku na ng'ombe nikiwa msichana. Naishi na VVU. Mume wangu, Baba Neema, mwenyeji wa Kisanga, naye anaishi na VVU. Tulijuana kwenye benchi la kliniki, kila mmoja ameficha kadi yake, kila mmoja akijifanya amekuja kung'oa jino. Neema wetu tulimzaa baada ya hapo, yuko bweni Morogoro na hana kirusi hata kimoja. Sisi wawili tunameza dawa zetu, na miaka mingi sasa virusi vyetu havionekani kwenye kipimo. Kengele ya simu ikilia usiku, hata tuwe kwenye harusi ya watu, tunaangaliana na kumeza.

Nilidhani huo ndio mtihani wetu na tumeufaulu. Kumbe kuna karatasi ya pili.

Siku hizi kliniki kwetu, kabla hujafika kwa daktari, unafungwa kwanza mkanda wa presha mkononi. Sote tunapimwa, mwenye kitambi na asiye nacho. Baba Neema akakutwa iko juu. Yeye ni mwembamba, anashinda kwenye shamba la mbegu kule Kilangali, akaona mashine imekosea. Wakampumzisha, wakapima tena, wakamwita na siku nyingine wakapima tena. Iko juu vilevile.

Daktari akatukalisha wote wawili. Akatuambia kwamba virusi hata vikilala, mwili wenyewe haulali. Unaendelea kupambana chini kwa chini, miaka na miaka, kama moto uliofukiwa kwenye jivu, na joto hilo linachosha mishipa ya damu na moyo. Ndiyo maana sisi WAVIU tunatakiwa kuulinda moyo kuliko hata jirani ambaye hana virusi. Akasema tupunguze chumvi, tupunguze mafuta, sigara tusiiguse, tutembee. Na Baba Neema aanze kidonge cha presha, kila siku asubuhi, ajisikie vizuri asijisikie vizuri.

"Dokta," mume wangu akasema, "miaka yote hii nahudumia virusi. Sasa na moyo nao unataka huduma yake?"

Daktari akacheka, lakini jibu lake sikulisahau. Alimwambia, "Baba, wewe siku hizi huna sababu ya kufa kwa ukimwi. Sasa na mimi sitaki moyo ukuchukue."

Akaanza kumeza. Hana shida na kumeza, huyo. Ukimpa utaratibu anaufuata mpaka wewe uliyempa uchoke.

Hapo kati mdogo wangu aliyeolewa Mikumi akajifungua mapacha, nikaenda kumlea mzazi. Zamu ya Baba Neema ya kliniki ikafika nikiwa huko, akaenda peke yake. Sasa sikilizeni kosa lilivyoingia, maana lilikuwa kosa la Kiswahili.

Nesi alimpima, akafurahi kwa dhati, akamwambia, "Hongera baba, presha yako imeshuka." Basi. Akampa dawa zake, akaita mwingine.

Mwenzangu akatoka pale mnyonge kama aliyefiwa. Kwa sababu sisi huku presha ni mbili. Kuna presha ya kupanda na kuna presha ya kushuka, magonjwa mawili mbalimbali, kila moja na watu wake na masharti yake. Mwenye ya kupanda haudhiwi, halishwi chumvi, na msiba anaambiwa taratibu. Mwenye ya kushuka anapewa soda, kahawa chungu na chumvi ya kulamba kiganjani. Muulize mtu yeyote hapa Magomeni, atakueleza hivyo hivyo, na atakutajia na jirani yake ana ipi. Kwa hiyo Baba Neema aliposikia imeshuka, alijua amehamishwa. Vile vidonge vimemsukuma mno, vimemtoa kwenye ugonjwa huu vikamtupa kwenye ule.

Na mtu mwenye akili timamu, akiwa na presha ya kushuka, atamezaje dawa ya kushusha? Ishuke iende wapi, kaburini? Akaviacha vidonge siku ileile. Kwa mawazo yake alikuwa anaokoa maisha.

Mimi hakunipigia, eti nina mzazi na mapacha, asinisumbue. Alimpigia mama yake Kisanga. Mama mkwe wangu akamwambia asicheze na presha ya kushuka, imeua watu, ale chumvi na aache kazi za juani. Kisha akatuma na gari mfuko wa samaki wa chumvi, mfuko wa kulisha kwaya nzima.

Niliporudi nilimkuta amekaa mlangoni na kikombe cha uji. Kwa uchovu wa safari nikakipokea nipige funda. Jamani! Nikautema palepale.

"Kuna nini humu?"

Akanijibu kwa utaratibu, kwa sauti ya mtumishi aliyepewa uhamisho. "Mama Neema, ugonjwa wangu umegeuka. Sasa nina ya kushuka."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ndipo akainuka anipokee begi. Alitembea kidogo tu, akasimama katikati ya chumba akihema, mdomo wazi, mkono kifuani. Nikatazama chini. Miguu imevimba, mikanda ya kandambili imezama kwenye nyama. Nikamuuliza analalaje siku hizi, akasema analala ameegemea ukuta, maana akijinyoosha pumzi inakata.

Kicheko kikaisha. Sikufungua hata begi, nikaita bajaji.

Hospitalini walimpima mkono wa kulia, wakampima wa kushoto, kisha nesi wa zamu akatoka mbio kumwita daktari bila kusema neno. Mimi nesi akinyamaza namwogopa. Wakasema presha imepanda vibaya, moyo umeelemewa, maji yamejaa kwenye mapafu, na tungechelewa kidogo mshipa ungeweza kupasuka kichwani. Wakamlaza, wakamwekea oksijeni. Wakaniuliza kuhusu dawa za virusi. Nikawaambia hizo hajaacha hata siku moja. Alikuwa anazimeza kwa wakati wake, halafu anazisindikiza na maji ya chumvi.

Wacha niseme nilichokiwaza nikiwa kwenye ile korido, kwa sababu humu ndani nilijiapiza sitadanganya. Mimi nilishamzika mume mmoja, enzi zile watu wanakwisha huku majirani wananong'ona. Huyu wa pili tumevuka naye yote. Nikamwambia Mungu, virusi vimeshindwa kumchukua, sasa achukuliwe na chumvi ya dukani? Nilikasirika kuliko nilivyolia. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia nesi wa kliniki, na kuliko wote nikamkasirikia mama mkwe wangu na samaki wake.

Sala zangu siku zile hazikuwa nzuri. Niliomba kwa ugomvi.

Nesi wa kliniki alisikia habari akaja wodini mwenyewe. Nilikuwa nimemwekea maneno, tena ya kuchagua. Lakini kabla sijafungua mdomo, Baba Neema, na heshima zake zilezile, akavuta barakoa ya oksijeni pembeni akamuuliza, "Sista, si uliniambia mwenyewe kwamba imeshuka?"

Dada wa watu akaziba mdomo kwa mkono, akakaa kwenye ncha ya kitanda, machozi yakamtoka. Ningemwambia nini tena? Hakudanganya, siku ile ilikuwa imeshuka kweli, tena vizuri. Na mume wangu si mjinga, alisikia kile ambacho sote tumekisikia tangu utoto. Walikuwa wanaongea Kiswahili kimoja na hawakuelewana.

Tangu siku hiyo pale kliniki neno hilo wameliacha. Wanasema imetulia. Presha yako imetulia, baba, na dawa inaendelea, kwa sababu ni dawa ndiyo inayoituliza.

Maji yalitoka mwilini, miguu ikarudi, akaanza kulala amejinyoosha na kukoroma. Mimi ambaye miaka yote nimelalamikia kukoroma kule, nilikuwa nakaa macho kwa raha nikisikiliza. Nyumbani nikabadilisha jiko langu. Limau, nyanya, kitunguu, na chumvi ya kugusa tu. Alinung'unika siku za mwanzo, akasema chakula kina ladha ya adhabu. Nikamwambia avumilie, na mimi nilivumilia uji wake.

Alhamisi ya juzi ilikuwa zamu yetu tena, na sikumwacha aende peke yake. Asubuhi kabla ya kuanza kupimwa huwa kuna elimu ya afya, tunakaa kwenye mabenchi na nesi anazungumza. Akamwita Baba Neema aeleze mwenyewe. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, nilitegemea atakataa. Akasimama, akavua kofia, akaeleza yote, na chumvi, na samaki, na uji. Watu walicheka wakajishika mbavu. Mzee mmoja akapiga makofi.

Kisha mama mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, kadi ameibana kifuani. "Kumbe?" akasema. "Na mimi si niliambiwa imeshuka? Mimi zangu niliziacha tangu mavuno."

Kicheko kikazimika. Baba mwingine pembeni akasema na yeye zake aliziacha. Nesi akawaita wote wawili mbele ya foleni, akawafunga mkanda palepale, na yule mama akaanzishiwa dawa zake upya siku hiyohiyo. Alipotoka alikuja kumshika mkono mume wangu, akaenda zake. Baba Neema alibaki anautazama mkono wake.

Na yake je? Imetulia. Nesi alilitamka neno lile polepole, mara mbili, akimwangalia usoni, mpaka naye akalirudia. Nilitaka kumkumbatia nesi. Nilimkumbatia.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniambia Jumamosi twende Kisanga tukamwone mama. Nikasema sawa, lakini kwa ile sauti yangu.

"Usimseme mama," akasema.

Leo njia nzima, kutoka Kilosa mpaka Mikumi na kutoka Mikumi mpaka Kisanga, nilikuwa nashona hotuba. Ya heshima, lakini yenye pindo kali. Ningemwambia mama, kwa unyenyekevu wote, kwamba nyumba ya mwanawe ina mke, na mke ana simu.

Ila lazima niwe mkweli. Mama mkwe wangu ndiye aliyembakiza hai mume wangu. Kabla mimi sijamjua, alipokuwa mifupa mitupu na ndugu wameshaanza kuulizana kaburi lichimbwe upande upi, mama huyu alimbeba mpaka kituo cha afya. Alimnywesha uji kijiko kwa kijiko, akamsimamia dawa kila saa yake ilipofika, na waliokataa kula naye sahani moja aliwafukuza kwake. Yeye ndiye aliyemfundisha utaratibu ule wa kumeza. Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia jambo kuhusu mwili wako, utabisha? Hata mimi nisingebisha. Nilijua haya yote, na bado hotuba nilikuwa nayo.

Tukafika. Shikamoo mama. Akaitikia marahaba bila kutuinulia macho. Alikuwa amepungua. Akatuwekea chakula haraka, kana kwamba alitaka kutupa cha kufanya: ugali, majani ya maboga ya karanga, na kuku wa kienyeji amechinja kwa ajili yetu. Nikamega tonge, nikachovya, nikaweka mdomoni.

Hakuna chumvi. Si kwamba ilipungua, haikuwepo kabisa.

Nikamtazama Baba Neema, naye alikuwa anatazama sahani. Mama akatuona.

"Hata mimi chumvi sili," akasema. "Tangu siku niliposikia umelazwa sijaitia mdomoni. Niliigawa yote. Nilikuokoa kwa mkono huu, mwanangu, halafu nikataka kukuua kwa mkono huuhuu."

Hotuba yangu ilifia hapo, na lile tonge shavuni. Nililia mimi, kabla yake. Nikaona aibu kwa kila neno nililokuwa nimelipanga, ingawa hakuna aliyelisikia.

Baba Neema akanawa mkono, akasogea akakaa karibu na mama yake, wakaongea kwa lugha yao. Mimi naisikia nusunusu tu. Lakini kila baada ya muda nasikia linachomoza neno la Kiswahili, presha, dawa, imetulia. Mama akawa analirudia lile la mwisho kwa midomo tu, kama mtu anayejifunza jina la mkwe mpya. Imetulia. Imetulia.

Nikamwambia mama, daktari amesema tupunguze chumvi, hakusema tuiharamishe. Akacheka kidogo, akajifuta pua kwa upindo wa khanga. Akaniuliza, "Na wewe Msukuma, umemaliza sahani yote bila chumvi na hujalalamika?" Nikamjibu sisi kwetu tumekuzwa na maziwa, hatuna shida. Akasema ndiyo maana hatuna ladha. Hapo nikajua tumepatana.

Kabla ya kuondoka nikamuuliza kama yeye amewahi kupimwa. Akasema yeye hana neno, hasikii kitu chochote.

"Na mimi sikusikia kitu chochote," mwanawe akasema.

Akamtazama mwanawe, kisha akasema Jumatatu ataenda zahanati, lakini wasimwambie mambo ya kupanda na kushuka, wamwambie tu kama imetulia.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nishike simu jioni hii.

Wakati wa kurudi tulishuka Mikumi kusubiri gari la Kilosa. Pale barabarani, kati ya wauza mahindi ya kuchoma na wauza maji, kulikuwa na mtu anauza miwani ya kusomea, ameipanga kwenye ubao. Baba Neema akamwita. Nilidhani anauliza saa.

Miwani nimemwomba anunue mpaka nimechoka. Kanisani anakishika kitabu cha nyimbo mbali kabisa, mkono umenyooka, na bado anaimba ya kubahatisha. Kila nikimwambia, jibu lake ni moja, kwamba miwani ni ya wazee na yeye uzee hauko kwenye mipango yake. Alikuwa anasema kwa utani, na mimi najua haukuwa utani. Sisi ni watu tuliowahi kuambiwa tuhesabu miezi. Tukipata mwaka tunashukuru, tukipata mwingine tunashukuru, lakini kununua kitu cha uzeeni, hapana, tunaogopa kujitabiria mema tukaja kuumbuka.

Leo akajaribu ya kwanza, akairudisha. Akajaribu ya pili. Muuzaji akampa kipande cha gazeti, akakisoma kwa sauti, tangazo la mabati, akalisoma lote mpaka mwisho, anafurahi utadhani ni Injili. Kisha akageuka kunionyesha ilivyomkaa.

Akanitazama. Akanitazama tena, karibu, kuanzia kwenye macho mpaka kwenye kidevu. Akanyoosha kidole, akasukuma kilemba changu nyuma kidogo, mbele za watu wote.

"Mama Neema," akasema, "kumbe umezeeka!"

Wauza mahindi wakaguna. Muuzaji wa miwani akaanza kumgombeza, mzee gani wewe unamvunjia mke wako heshima barabarani. Mimi nilikuwa nimejifunika uso kwa khanga, nalia, mabega yanatikisika, na watu wakazidi kumlaumu. Yeye akabaki amesimama na miwani yake, anatabasamu mpaka masikioni, kwa sababu alijua ninachokililia.

Tumezeeka, jamani. Mimi na yeye. Tumezeeka!

Kesho kanisani kilemba sifungi. Nataka anione mvi zote.